Rangi Mpya, Moto wa Gesi na Hewa ya Vyumba Vyetu

Mhadhara uliotolewa mbele ya wakazi, mafundi na wenye nyumba wa Kamwokya, Kampala

Nawashukuru walioandaa jioni hii kwa kukubali tuzungumze Kiswahili. Ukitembea hapa Kamwokya kutoka sokoni hadi Kifumbira utapishana na Mganda, Mwacholi, Mlugbara, Mnyarwanda, Mkongo na Mkenya. Fundi aliye juu ya ngazi na mama anayemsubiri amalize ili apike, mara nyingi hawana lugha moja ya nyumbani. Jambo la leo linawagusa wote wawili, basi na walisikie pamoja.

Liko lalamiko ambalo kila aliyewahi kukarabati nyumba mtaani hapa atalitambua. Kuta zimepakwa rangi, siling imepigwa, kabati jipya limeingia jikoni. Mpangaji anawasha jiko la gesi, na mara chumba kinajaa harufu kali, mithili ya mafuta ya taa au dizeli iliyoungua. Anazima, harufu inafifia. Anawasha tena, inarudi. Anamwita muuza gesi, anabadilishiwa mtungi, harufu iko palepale. Ananunua rigulata mpya, ananunua mpira mpya, bado. Mwishowe anaambiwa ni ugeni wa nyumba tu, atazoea.

Nimekuja kueleza harufu hiyo inatoka wapi, kwa nini si haki kumwambia mtu aizoee, na ni kazi ya nani kuiondoa. Nina hoja tano. Hazilingani uzito, ya tatu ndiyo iliyonileta hapa, nayo nitakaa nayo zaidi.

Hoja ya kwanza: jiko la gesi huchoma hewa nyingi kuliko gesi. Gesi ya mtungi ni propani na butani. Lita moja ya mvuke wa propani, ili iungue sawasawa, inataka lita 24 hivi za hewa. Lita moja ya butani inataka kama 31. Hewa hiyo haimo mtungini. Ni hewa ya chumba. Sehemu yake huingia kwa vijitundu vilivyo chini ya kichwa cha jiko na kuchanganyika na gesi. Sehemu nyingine huvutwa na moto wenyewe kutoka pembeni. Chochote kinachoelea katika hewa ya chumba kile, lazima kipite motoni.

Na katika chumba kilichopakwa rangi juzi kinaelea nini? Mvuke wa tapentaini, mvuke wa thina, mvuke wa gundi ya kabati, mvuke wa vanishi. Ukipita katikati ya mwali, mwingi huungua kabisa ukawa maji na kaboni dayoksaidi, vitu visivyo na harufu. Lakini ule unaopita ukingoni mwa mwali, au chini ya sufuria yenye maji baridi ambapo moto umepoa, huungua nusu. Hapo huzaliwa aldehaidi: fomaldehaidi, akrolini na jamaa zao. Akrolini mnaijua bila kuijua jina. Ndiyo inayochoma macho mafuta ya kupikia yanapoungua kikaangoni. Pua zetu huzinasa aldehaidi hizi hata zikiwa chache mno. Kwa hiyo chumba kilichokuwa kikinuka rangi kidogo tu kabla ya kupika, dakika chache baada ya jiko kuwashwa hakikaliki.

Uthibitisho wake hauhitaji maabara. Lichukue jiko lilelile na mtungi uleule, ulitoe uani, uliwashe penye upepo. Likiwaka bila harufu huko nje, mtungi hauna kosa, wala rigulata, wala mpira. Nasema haya nikiwatazama wauza gesi waliokaa safu ya nyuma, maana wamebebeshwa lawama nyingi ambazo si zao. Nitoe hadhari moja tu: jiko jipya kabisa lina mafuta ya kiwandani na rangi yake ya chuma, navyo hutoa moshi linapowashwa mara za kwanza. Hilo nalo lifanyiwe nje, liwake hadi moshi uishe, ndipo liingie ndani.

Hoja ya pili: rangi iliyokauka kwa kidole haijamaliza kutoka ukutani. Fundi hugusa, akaona haichafui, akamwambia mwenye nyumba kazi imekwisha. Lakini rangi ya mafuta hukauka kwa hatua mbili. Kwanza tapentaini huruka, na hiyo ndiyo harufu kali ya siku za mwanzo. Kisha mafuta yaliyobaki hunyonya oksijeni ya hewani na kugeuka utando mgumu; kazi hiyo huendelea kwa wiki kadhaa, na katika kugeuka kwake utando hutoa aldehaidi mpya ambazo hazikuwemo koponi. Rangi ya maji ina nafuu kubwa, ingawa nayo haikosi mvuke wake.

Kabati la mbao za kubandika, lile la chembe za mbao zilizoshikamanishwa kwa gundi ya urea na fomaldehaidi, hukaa likitoa fomaldehaidi kwa miezi, na hutoa zaidi panapokuwa na joto na unyevu. Sasa fikirieni jiko la gesi hufanya nini jioni. Kilo moja ya propani ikiungua huacha hewani zaidi ya lita moja na nusu ya maji, yakiwa mvuke. Ongezeni mvuke wa matoke yaliyofunikwa yakichemka. Jiko linapasha joto chumba, linakilowesha, na kwa kufanya hivyo linaikamua ile gundi. Ndiyo sababu harufu huondoka mchana na kurudi kila jioni, na ndiyo sababu nyumba iliyopakwa rangi katika mvua za Machi hadi Mei, madirisha yakiwa yamefungwa, hunuka muda mrefu kuliko iliyopakwa Januari.

Fomaldehaidi si kero ya pua tu. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka mwaka 2004 katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Shirika la Afya Duniani mwaka 2010 lilisema hewa ya ndani isizidi miligramu 0.1 kwa mita moja ya ujazo katika muda wa nusu saa. Na mafundi wangu, lisikieni hili: kazi yenyewe ya upakaji rangi imo katika kundi hilohilo la IARC tangu 1989. Kitambaa mnachojifunga usoni huzuia vumbi la msasa kwa kiasi fulani. Mvuke wa thina kinaupitisha wote. Kinachouzuia ni barakoa yenye kichujio cha mkaa maalumu, na anayetoa kazi ndiye anayepaswa kuinunua.

Hoja ya tatu: harufu ya rangi huificha harufu ya hatari. Propani na butani, zikiwa safi, hazina harufu ya kumtisha mtu. Kile kinachonuka kama kabichi iliyooza gesi inapovuja kimetiwa makusudi. Huitwa ethili merkaptani, na hutiwa kidogo sana ili pua ipige kengele mapema. Desturi hii ilipata nguvu ya sheria kwa msiba. Tarehe 18 Machi 1937, katika shule ya New London, jimbo la Texas, Marekani, gesi asilia isiyo na harufu ilivuja na kujaa chini ya sakafu pasipo mtu kujua. Cheche moja ikatosha. Karibu watoto na walimu 300 walikufa. Baada ya hapo Texas ikaamuru gesi itiwe harufu, na dunia ikafuata.

Kanuni inayofuatwa nchi nyingi ni kwamba gesi isikike puani inapofika sehemu moja ya tano ya kiasi kinachoweza kulipuka. Propani huweza kulipuka ikifika asilimia 2 na kidogo ya hewa ya chumba. Hebu tupige hesabu ya mzigo wetu wa kawaida, yaani nyumba ya kupanga ya chumba kimoja, cha mita 3 kwa 3, kimo cha mita mbili na nusu. Chini ya kilo moja ya gesi, ikichanganyika na hewa yote ya chumba hicho, inatosha. Mtungi mdogo tunaouita wa kilo 6 una mara sita ya hiyo. Tena gesi hii ni nzito kuliko hewa. Haitawanyiki sawasawa, hutambaa sakafuni, huingia chini ya kitanda, hukaa pembeni ambako mtoto amelalia godoro. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024 pale Embakasi, Nairobi, gesi iliyotoka kwenye kituo kisicho halali ilitapakaa mtaani kabla ya kulipuka, na watu walioumia walihesabiwa kwa mamia.

Basi kengele yetu ni pua, na pua ina udhaifu wa namna tatu ambao ukarabati huuzidisha wote.

Mosi, harufu kali hufunika harufu nyingine. Mtu aliyezungukwa na thina hawezi kunusa merkaptani kidogo. Pili, pua huchoka. Ukikaa ndani ya harufu moja kwa muda, ubongo huacha kuisikia. Jirani anayeingia ndiye anayeshtuka, wewe uliyelala humo huoni kitu. Tatu, merkaptani yenyewe hupotea. Mtungi mpya wa chuma, au wenye kutu ndani, huinyonya na kuigeuza, na gesi ikabaki na harufu hafifu.

Kuna jambo jingine linalochanganya watu. Propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, merkaptani huchemka kwenye nyuzi 35 juu ya sifuri. Kwa hiyo gesi huruka mbele na merkaptani hubaki nyuma, na mtungi unapokaribia kwisha harufu huzidi. Mama mzoefu anajua gesi inakaribia kwisha kwa kunusa. Yuko sahihi. Lakini ujuzi huohuo, katika chumba chenye rangi mpya, humfanya adhani kila harufu ina maelezo: hii ni rangi, hii ni mtungi unaisha, hii ni kabati. Siku uvujaji wa kweli ukija, unapokewa kwa maelezo yaleyale.

Hapo ndipo ninapokataa neno "utazoea". Tunamfundisha mtu kuipuuza pua yake katika wiki ambayo jiko limehamishwa, mpira umekunjwa nyuma ya kabati jipya, rigulata imefunguliwa na kufungwa mara kadhaa na vibarua. Wiki ya ukarabati ndiyo wiki ya uvujaji, na ndiyo wiki ambayo pua haifai kutegemewa.

Tutofautishe vipi? Harufu ikija moto unapowaka na kuondoka moto unapozimwa, elekea kwenye hewa ya chumba. Harufu ikiwepo jiko likiwa limezimwa, ikazidi karibu na sakafu au karibu na mtungi, chukua kuwa ni uvujaji hadi ithibitike vinginevyo. Uthibitisho ni maji ya sabuni. Yapake kwenye rigulata, kwenye vali, kwenye mpira wote na maungio yake mawili. Mapovu yakivimba, pana uvujaji. Kiberiti kamwe. Na ukishuku, funga vali ya mtungi, usiguse swichi ya taa, si kuwasha wala kuzima, fungua mlango na madirisha, toa watu, kisha piga 999 au 112 ukiwa nje. Maji ya sabuni yatumike hata kama una hakika kwamba ni rangi. Nasisitiza hata kama una hakika.

Hoja ya nne ni fupi, ila ina ukali wake. Baadhi ya dawa za kubandua rangi ya zamani zina methilini kloraidi. Mvuke wa dawa hii peke yake umewaua watu katika vyumba vilivyofungwa, na mwaka 2019 Marekani ilipiga marufuku kuuzia watu wa kawaida dawa za kubandua rangi zenye kitu hicho. Mvuke huo ukipita kwenye moto wa jiko hutoa haidrojeni kloraidi, asidi inayochoma koo, na kiasi kidogo cha fosjini, ile gesi iliyotumika kuua askari katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Pamoja na hayo, thina ya vanishi hushika moto kwa urahisi katika joto letu la kila siku hapa Kampala, na mvuke wake nao hutambaa sakafuni. Fundi anapofanya kazi na vitu hivi, jiko, sigiri wala tadooba ya mafuta ya taa visiwake katika chumba hicho wala chumba kinachopakana nacho kwa mlango. Akihisi koo linawaka ghafla jiko likiwa linawaka, azime na atoke.

Hoja ya tano inahusu matundu. Nyumba nyingi za Uganda zilijengwa zikiwa na matundu ya hewa juu ya dirisha na juu ya mlango, yasiyofungika. Wazee waliojenga hivyo walijua wanachokifanya. Leo ukarabati unakuja na dirisha la aluminiamu linaloziba barabara, siling inayofunika upepo wa paa, na fundi wa plasta anayeyajaza matundu kwa saruji. Ukimuuliza, anakujibu kwamba mwenye nyumba hataki mbu wala wezi. Sababu zote mbili ni za kweli. Malaria na wizi vinaumiza watu Kamwokya. Lakini mbu huzuiwa kwa wavu na mwizi huzuiwa kwa nondo, na vyote viwili hupitisha hewa.

Tundu likizibwa, mvuke wa rangi hauna pa kutokea, na si huo tu. Harufu hizi zote nilizozitaja zina wema mmoja, kwamba zinasikika. Kaboni monoksaidi haisikiki. Huzaliwa moto unapokosa hewa ya kutosha, na hushikamana na hemoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Jiko la gesi zuri hutoa kidogo. Mwali ukigeuka njano na sufuria ikapata masizi, hutoa nyingi. Sigiri ya makaa hutoa nyingi muda wote. Sasa tazameni kinachotokea: harufu ya gesi imemchosha mpangaji, anaamua kuliacha jiko la gesi kwa muda na kurudi kwenye makaa, mvua inanyesha, anaingiza sigiri ndani ya chumba ambacho matundu yake yamezibwa mwezi huohuo. Amekimbia harufu inayoudhi, akaingia kwenye hewa isiyonuka inayoua. Kuumwa kichwa kwa nyumba nzima kwa pamoja, kizunguzungu, kichefuchefu kinachopona mtu akitoka nje: hizo si dalili za malaria. Mtoe mgonjwa nje hewani kwanza.

Mabibi na mabwana, tunaelekea wapi? Gesi itaingia katika vyumba vingi zaidi vya mji huu. Makaa yanapanda bei, misitu inaisha, na mafuta ya Ziwa Albert pamoja na kiwanda cha kusafishia mafuta kinachopangwa Kabaale, Hoima, vinatarajiwa kutupa gesi ya kupikia inayotoka nchini kwetu. Mimi naunga mkono safari hiyo. Kwa mapafu ya mama na mtoto, gesi ni bora kuliko makaa kwa mbali. Lakini haiwezi kuingia katika vyumba tunavyoviziba.

Kwa wenye nyumba, naomba chumba kilichopakwa rangi ya mafuta kikae wazi wiki mbili, madirisha na mlango vikifunguliwa mchana, kabla ya mpangaji kuwasha jiko humo. Najua wiki mbili ni kodi iliyopotea. Pakeni rangi ya maji ndani, na muda huo utapungua sana. Kabati lifunguliwe milango na droo kipindi chote hicho, na kingo zake zilizokatwa, ambazo mafundi huziacha wazi kwa kuwa hazionekani, zizibwe, maana humo ndimo fomaldehaidi hutokea kwa wingi. Mpangaji asiye na pa kwenda naye apikie barazani siku hizo, mlango wa chumba ukiwa umefungwa na madirisha yake yakiwa wazi.

Kwa wauza gesi, anayepeleka mtungi aende na kichupa cha maji ya sabuni na apime mbele ya mteja. Haigharimu kitu.

Kwa viongozi wetu wa mabaraza ya mitaa, LC, na wa mamlaka ya jiji, KCCA: tuna Sheria ya Udhibiti wa Ujenzi ya mwaka 2013, lakini fundi rangi huingia na kutoka katika mizigo yetu bila mtu kuuliza tundu la hewa limeenda wapi. Kiongozi wa LC anaijua kila nyumba ya zoni yake na anaona kila ngazi inapoegemezwa ukutani. Anaweza kuuliza. Na kwa wenzetu wa Makerere, ambao kupitia mradi wa AirQo wamekuwa wakipima hewa ya nje ya miji yetu tangu 2015, ombi langu ni kwamba vipimo viingie ndani ya mizigo ya Kamwokya, wiki ya kabla ya rangi na wiki ya baada yake, ili mwenye nyumba na mpangaji wabishane wakiwa na namba mkononi.

Mheshimiwa mwenyekiti, napendekeza kikao hiki kisitawanyike kabla ya kukubaliana jambo moja: kwamba katika zoni zilizowakilishwa hapa, kuanzia kesho, hakuna tundu la hewa litakalozibwa kwa saruji, na yale yaliyozibwa yafunguliwe na kuwekwa wavu kabla ya mvua za Septemba. Mafundi wanaoweza kazi hiyo wamo humu ukumbini.